Magari Yasipite Tu: Mwongozo wa Kukaribisha Wageni kwa Jiko na Ufundi wa Kijiji

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni kwenda Ngorongoro inapita katikati ya Mto wa Mbu, mji mdogo ulio chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli. Mtalii anayekwenda kreta au Serengeti kwa gari hupita hapo, na mara nyingi hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa miaka mingi mambo yaliishia kwenye kupita: gari linasimama, maji yananunuliwa, vinyago vinatazamwa kupitia dirisha, safari inaendelea. Hela yote ya safari ilikuwa imeshalipwa Arusha, au huko Ulaya na Marekani kabla ndege haijaruka. Wenyeji waliachiwa vumbi, na lami ilipofika hata vumbi likaisha.

Katikati ya miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni katika vijiji vya kaskazini. Mto wa Mbu ulikuwa miongoni mwa vya mwanzo kufaidika. Leo mgeni anashuka garini, anatembea au kuendesha baiskeli kwenye mashamba ya migomba na mpunga, anakaa na wachongaji wa Kimakonde, anamwona mtu wa asili ya Kigoma akikamua mawese, anaonja pombe ya ndizi, kisha anakula mchana kwa mama wa hapo hapo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichojengwa kwa ajili yake. Mifereji ya umwagiliaji ndiyo iliyowavuta watu wa makabila mengi kuja kulima, na kila mmoja alikuja na chakula chake na kazi ya mikono yake.

Mwongozo huu ni kwa kikundi cha akina mama, vijana au mafundi wanaoishi mahali pa namna hiyo: pembeni ya njia ya wageni, au ndani ya mtaa ambao wageni huambiwa wasiuingie. Nitagusa mapishi, ufundi, bei na makaratasi. Ila ukilazimika kusoma sehemu moja tu, soma ya hesabu. Miradi mingi ya aina hii huvunjika kwa sababu watu hawajui hela imekwenda wapi, hata pale ambapo chakula kilikuwa kitamu na wageni walikuwepo.

Kabla ya kumwita mgeni yeyote

Kaeni mwandike kila mnachofanya kwa mikono kuanzia alfajiri hadi usiku. Kila kitu: kukoboa, kusuka, kuvuta maji ya mfereji, kupika mtori wa mzazi, kuunga mpini wa jembe, kukaanga karanga. Kisha chagueni mambo mawili au matatu ambayo mtu asiyeyajua anaweza kuyajaribu kwa saa moja na akacheka mwenyewe kwa jinsi alivyoyakosea. Huo ndio unaoitwa utalii wa ubunifu: mgeni anashika kazi, anafundishwa na mwenye ujuzi, na anaondoka akijua jambo ambalo asubuhi hakulijua. Anayemfundisha ni mwalimu, na mwalimu hulipwa ada. Mtu akiliona hivyo tangu siku ya kwanza, mambo mengi hunyooka yenyewe, kuanzia bei hadi heshima.

Umaskini wenu usiuwekee bei. Jijini Nairobi, matembezi ya kuonyesha vibanda vya Kibera yamelaumiwa kwa miaka, na wakazi wenyewe wamo miongoni mwa wanaolaumu, kwa sababu mgeni analipa kutazama jinsi mtu anavyoishi na anayetazamwa hapati kitu. Linganisha na Nyamirambo, mtaa wa zamani wa Kigali ambako Kiswahili husikika barabarani na misikiti ni mingi. Mwaka 2007 wanawake 18 walianzisha pale kituo chao cha wanawake. Wanashona na kuuza, wanatembeza wageni mtaani, wanawapikisha na kuwalisha nyumbani. Mgeni anaingia saluni na sokoni kama mteja, akiwa na mwenyeji wake, na kinachozungumzwa ni kazi za watu. Mtaa ni wa watu wa kipato cha chini, na hakuna anayeombwa kuuficha wala kuutangaza ukweli huo.

Jambo jingine la mapema: angalieni majirani wanauza nini, msiwaige. Unguja, kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, ziara zimefanana mno. Kijana anapanda mnazi akiimba, mgeni anavishwa kofia na tai ya makuti, ananusishwa mdalasini na karafuu, anapelekwa kwenye meza ya pakiti za viungo. Ni nzuri mara ya kwanza. Lakini mashamba kumi yakiuza kitu kimoja, kinachobaki kushindania ni bei na kamisheni ya dereva, na hapo mkulima ndiye anayeumia.

Jikoni

Pikeni chakula ambacho malighafi yake inatoka karibu. Nasema hivi kwa sababu ya hela kuliko ladha. Wali wa nazi ni mtamu, lakini kwa mtu wa Mto wa Mbu nazi imetoka pwani, na sehemu ya malipo ya mgeni inaifuata huko huko. Mchele unalimwa pale. Ndizi ziko za aina nyingi, zikiwemo zile nyekundu zinazopangwa kando ya barabara. Mchicha uungwe kwa karanga, maharage yapikwe na mahindi yawe makande, kuku awe wa jirani. Wewe uliye Kilwa au Kwale, hapo sasa nazi ni yako. Mpe mgeni mbuzi ya kukunia akune mwenyewe.

Msimpikie kila kitu. Kosa la kwanza la akina mama wengi ni ukarimu: mgeni anafika, anakuta meza imejaa, anakula, anashukuru, anaondoka. Hicho ni chakula cha mchana, na bei yake ni ya chakula cha mchana. Anayelipa zaidi ni yule aliyemenya.

Chukua mfano wa mtori au ndizi nyama. Mwekeni mgeni kwenye kigoda, mpeni kanga ajifunge, maana utomvu wa ndizi mbichi ukiingia kwenye shati hautoki. Mpeni mafuta ya kula kidogo apake viganjani kabla ya kushika kisu. Asipopaka, vidole vitakuwa vyeusi na vya kunata mpaka jioni. Mwonyesheni kukata ncha mbili, kupasua ganda kwa urefu, kisha kulibandua kwa kidole gumba na kuitupia ndizi kwenye maji ili isigeuke rangi. Wa kwanza atakata nusu ya ndizi pamoja na ganda, na wenzake watamcheka. Mama anayefundisha amenye zake tano huku akizungumza, bila kuangalia mikono. Wakati huo mwongozaji anyamaze. Kuna waongozaji wanaojaza kila dakika kwa maelezo, na wanamharibia mwalimu somo lake.

Moshi ni tatizo la kweli. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha litamtoa mgeni machozi na kikohozi, na linawaumiza wapishi kila siku. Pikieni chini ya banda lililo wazi pande mbili. Gharama yake ni nguzo, makuti au bati kuukuu, na faida yake inabaki hata siku zisizo na wageni.

Usafi hauna mjadala. Wapishi wapime afya na wawe na vyeti hai. Iwepo ndoo ya kunawia yenye koki, sabuni, na mtu wa kumwagia maji wageni kabla ya kula, ambalo tayari ni desturi yetu. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemka sawasawa. Kachumbari ioshwe kwa maji hayo hayo. Kachumbari nayo inaweza kuwaharisha wageni, si nyama tu. Ulizeni siku moja kabla: nani hali nyama, nani hagusi maziwa wala mayai, nani karanga zinamdhuru. Hili la karanga liulizeni mara mbili, kwa sababu tunaziweka kwenye mboga bila hata kufikiri, na kwa baadhi ya watu kijiko kimoja kinatosha kuleta msiba. Choo kiwe kisafi na kiwe na mlango unaofungwa. Mgeni atasahau jina la kijiji chenu kabla hajasahau choo.

Kwenye ufundi

Fundi anapomfundisha mgeni, asimpe kazi ambayo fundi mwenyewe ilimchukua miaka. Mpingo ni mgumu na ni ghali. Mgeni akiushika kwa patasi kwa saa moja atapata malengelenge na hakuna kinyago. Mpeni kipande cha mti laini kilichokwisha kuchongwa umbo, yeye amalizie masikio ya tembo, kisha apige msasa na kung'arisha. Ataondoka na kitu mkononi, na atakapoona kinyago cha mpingo dukani mwenu ataelewa kwa nini bei yake iko pale ilipo. Nimeona mauzo ya vinyago vikubwa yakipanda kwa njia hii kuliko kwa kubembelezana.

Uchoraji wa Tingatinga una hesabu yake. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza sanaa hii Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kawaida za madukani, na warithi wake wengi bado hutumia rangi hizo. Zinang'aa, lakini hazikauki kwa saa moja. Mgeni akichora asubuhi na kuondoka na picha mbichi, ataikuta imeshikana na begi lake. Kwa walio kwenye njia ya kwenda na kurudi kama Mto wa Mbu, hii ni bahati. Achore siku anapopanda kwenda Ngorongoro, picha iachwe ikauke kivulini, aichukue akirudi siku mbili tatu baadaye. Umempata mara mbili kwa somo moja, na safari hii ya pili ana njaa.

Kwa wasukaji, ukili ni somo zuri kwa sababu unaanza polepole na mkono unazoea haraka, lakini mkeka mzima hauwezekani kwa siku moja. Mpeni asuke kipande cha kutosha kawa ndogo au bangili, miyaa ikiwa imeshapakwa rangi na kulowekwa tangu usiku.

Hesabu

Hapa tutulie. Tuseme mna wageni 6 kwa darasa la mapishi, kila mmoja analipa shilingi 40,000. Jumla ni 240,000. Bei zifuatazo ni za mfano. Weka za soko lako.

Mchele kilo 2, shilingi 6,000. Kuku wa kienyeji wawili, 50,000. Ndizi, 10,000. Mchicha, nyanya na vitunguu, 10,000. Karanga, 6,000. Mafuta na chumvi, 5,000. Mkaa, 5,000. Maji ya chupa, 9,000. Jumla ya soko ni 101,000. Wapishi wawili kwa 20,000 kila mmoja ni 40,000. Mwongozaji 25,000. Mwenye nyumba na banda 15,000. Hapo ni 80,000 nyingine, na tumefika 181,000. Imebaki 59,000. Mfuko wa kijiji au mtaa uchukue asilimia 10 ya mapato yote, yaani 24,000. Kikundi kinabaki na 35,000 kwa ajili ya sabuni, vyombo vinavyovunjika, ada za leseni na akiba ya miezi yenye wageni wachache.

Angalia kilichotokea: mwenye kuku, muuza mchicha, mwenye mkaa, wote wamepata, na si wanachama. Wao ndio watakaowalinda wageni wenu na watakaonyamazisha maneno kijiweni. Lakini angalia pia jinsi 35,000 ilivyo ndogo. Wageni wakiwa wawili badala ya 6, kuku bado ni mmoja angalau, wapishi bado wawili, mwongozaji yule yule, na hesabu inageuka hasara. Kwa hiyo wekeni bei ya chini ya kundi: wageni chini ya wanne walipe kiasi kisichobadilika, kiandikwe wazi.

Mwisho wa kila siku ya kazi, daftari lifunguliwe mbele ya wote waliofanya kazi, hela ihesabiwe kwa sauti, kila mmoja atie sahihi. Malipo ya simu yaende kwenye namba ya kikundi, kamwe yasiende kwenye simu ya mwenyekiti. Bakshishi mnakubaliana mapema kama ni ya aliyepewa au ya chungu kimoja. Mimi napendelea chungu kimoja, kwa sababu anayeosha sufuria nyuma ya nyumba hakutani na mgeni. Na ile asilimia 10 ya kijiji itangazwe ilikokwenda: madawati, koki ya maji, chochote. Kwenye kisiwa cha Wasini, Kwale, wanawake wanaosimamia njia ya mbao inayopita juu ya mawe ya matumbawe na mikoko hutoza kiingilio. Kiingilio kidogo chenye daftari kinadumu kuliko ufadhili mkubwa usio nalo.

Dereva na kampuni

Bila madereva hamtapata wageni, msijidanganye. Ila lalamiko la miaka mingi kwenye baadhi ya maboma ya Kimasai ni kwamba mgeni anatoa kiasi kikubwa na kinachofika kwa akina mama wanaotunga shanga ni kidogo mno. Dawa yake ni bei iliyochapwa na kubandikwa mlangoni, kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye mgawanyo wake: kiasi gani cha chakula, kiasi gani cha walimu, kiasi gani cha kijiji. Mgeni anapenda kuisoma. Kampuni inayotaka faida iongeze yake juu, isikate ndani ya yenu. Dereva apewe chakula kizuri na kivuli cha kuegesha gari, na mkiamua kumpa kamisheni, iandikwe daftarini kama gharama nyingine.

Makaratasi

Kwa walio Tanzania, sajilini kikundi kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usajili huo ndio unaofungua mlango wa mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, kwa hiyo ulizeni utaratibu wa sasa, msifuate wa zamani. Chukueni namba ya mlipakodi, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na muwasiliane na Bodi ya Utalii kuhusu kusajiliwa kama mradi wa utalii wa utamaduni; kampuni zenye kujali jina lao huuliza karatasi hiyo. Bei ziandikwe kwa shilingi, kwani tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Na mjue kwamba amri ya biashara ya Julai 2025 imewaachia raia kazi ya kuongoza watalii na maduka ya vinyago. Mgeni mkaazi akiwajia na wazo la kuwaendeshea mradi, msomeeni amri hiyo.

Watoto na kamera

Watoto wasiwe sehemu ya ziara. Shule isikatizwe masomo ili darasa liimbe, na pipi zisigawiwe barabarani. Mtoto akizoea kuokota pipi kwa wageni, keshokutwa hayupo darasani. Mwenye kutaka kusaidia shule apelekwe kwa mwalimu mkuu na apewe risiti. Picha ziombwe kwa mdomo kabla ya kupigwa. Mpishi akisema hapana, mwongozaji asimbembeleze.

Miezi yenye wageni wachache

Masika ya Aprili na Mei magari hupungua sana, na kuna miaka ambayo karibu hayaji kabisa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kigeni takriban milioni 1.5, mwaka 2020, kwa sababu ya korona, wakashuka hadi kama 620,000. Waliokuwa wameacha shamba ili wawe waongozaji wa kudumu waliumia. Waliokuwa na migomba yao walikula. Kwa hiyo pangeni zamu: hakuna mwanachama anayeshinda kwa wageni zaidi ya siku tatu kwa wiki, na hakuna shamba linalouzwa ili kujenga nyumba ya wageni.

Msiwasubiri wazungu peke yao. Wafanyakazi wa Arusha, walimu walio likizo, Watanzania wanaorudi kutoka Oman au Marekani na watoto ambao hawajawahi kushika mchi, wote hao ni wateja, na wanakuja hata mwezi wa tano. Walipisheni bei ya chini kidogo, lakini walipisheni. Kabla ya hao wote, alikeni majirani kumi wa kijiji cha pili, wapikieni darasa zima kama vile ni wageni wa kulipa, mpime muda kwa saa, na muwaombe waseme ukweli kuhusu chumvi, moshi na choo. Kisha fungueni daftari ukurasa wa kwanza na muandike mlichotumia siku hiyo.